Dosari Iliyosingiziwa: Mwanga wa Semikondakta za Tabaka Moja la Atomu

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi mliotoka karibu na mbali, mabibi na mabwana. Wazee, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Ratiba imeandika kwamba nitazungumzia "teknolojia ya nano na maendeleo". Waandaaji wanisamehe, maendeleo nawaachia watakaopanda hapa baada ya chai. Mimi nina swali moja tu. Elektroni ikishapandishwa juu na mwanga, kisha ikarudi chini, kwa nini mara nyingine hurudisha mwanga na mara nyingine huishia kutoa joto? Swali lenyewe ni la zamani. Ndilo linaloamua kama taa ya LED itawaka vizuri, na ndilo linaloamua volti utakazopata kwenye paneli ya sola. Ila tangu mwaka 2010 limekuwa likijibiwa upya, na majibu hayo yametoka kwenye vitu vyenye unene wa tabaka moja.

Fundi yeyote wa magari anaijua ile grisi nyeusi inayopakwa kwenye jointi za ekseli, ile inayogoma kutoka kwenye kucha hata usugue kwa sabuni ya unga. Nyingi za grisi hizo huchanganywa na disalfaidi ya molibdenamu, ambayo wanakemia huiandika MoS2. Fuwele yake imepangwa matabaka juu ya matabaka. Kila tabaka lina safu tatu za atomu: salfa juu, molibdenamu katikati, salfa chini. Ndani ya tabaka atomu zimeshikana kwelikweli, lakini tabaka na tabaka zimegusana tu, hazikufungana. Ndiyo maana linateleza, na ndiyo maana linafaa kwenye grisi. Unene wa tabaka moja ni nanomita 0.65 hivi, ukitaka kufikia unene wa unywele wa kichwani, utayapanga karibu laki moja.

Nyeusi maana yake ni kwamba mwanga unaingia na hautoki. Grisi ile inafyonza mwanga wa jua na kuugeuza joto lote. Ukimwambia fundi kwamba kitu hicho hicho kinaweza kung'aa, atakucheka.

Sasa njooni maabara. Chukua kipande kidogo cha madini ya molibdenaiti, ya kijivu kinachometameta. Kibandike kwenye selotepu, kunja selotepu, bandua. Fuwele imegawanyika mara mbili. Kunja tena, bandua tena, mpaka selotepu yote imejaa vumbi la kumetameta. Kisha ikandamize juu ya sahani ya silikoni iliyovikwa oksidi ya unene wa nanomita 300 hivi, ipapase kwa kidole gumba, halafu uibandue polepole sana. Hapo wengi huharakisha na kupoteza kazi. Weka sahani chini ya hadubini ya kawaida. Utaona vipande vinene vyenye rangi ya manjano na nyeupe, vyembamba vya samawati, na ukiwa na jicho la subira utaona pembeni ya kimojawapo kivuli cha zambarau kilichokolea kidogo tu kuliko zambarau ya sahani yenyewe. Mwanafunzi mgeni hupita juu yake bila kukiona. Hicho ndicho tabaka moja. Upana wake ni mikromita chache, makumi ukibahatika.

Kimulike kwa leza ya kijani na uweke kichujio cha kuzuia kijani kisirudi kwenye kamera. Kivuli kile kinawaka wekundu, urefu wa wimbi nanomita 670 hivi. Kipande kinene kilichoshikana nacho kinabaki giza. Madini ni yale yale, kipande kimetoka kwenye selotepu ile ile, na leza haikubadilishwa.

Mbinu ya selotepu ilipata umaarufu kwa grafini, iliyotengwa Manchester mwaka 2004 na Andre Geim na Konstantin Novoselov, waliopewa tuzo ya Nobel mwaka 2010. Mwaka 2005 kundi lao liliandika kwamba limebandua na fuwele nyingine, MoS2 ikiwamo. Tabaka lilikuwa mezani, lakini mwanga wake haukuwa habari. Miaka mitano ikapita. Mwaka 2010 makundi mawili yakaripoti karibu kwa pamoja: la Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akiwamo Kin Fai Mak na Tony Heinz, na la Berkeley, California, akiwamo Andrea Splendiani na Feng Wang. Kundi la Columbia lilikuta kwamba mavuno ya mwanga ya tabaka moja yanazidi ya fuwele nene zaidi ya mara 10,000. Kwa neno mavuno nina maana ya hesabu nyepesi tu: katika fotoni, yaani chembe za mwanga, 100 zilizofyonzwa, ngapi zimerudi kama mwanga?

Kwa nini? Hapa nawaomba mnivumilie kidogo, kwa sababu kila kitu kinachofuata kimejengwa juu ya hapa. Kwenye semikondakta, elektroni zinakaa katika ukanda wa chini wa nishati. Juu yake kuna pengo, halafu ukanda wa juu ulio mtupu. Fotoni ikifyonzwa, elektroni moja inaruka kwenda juu na kuacha shimo. Ili mwanga urudi, elektroni lazima irudiane na shimo. Lakini kuwa na nishati peke yake hakutoshi. Elektroni ina momenta, yaani msukumo wa mwendo wake, shimo lina momenta, na fotoni inayotakiwa kubeba tofauti ya nishati haina uwezo wa kubeba tofauti ya momenta. Yake ni ndogo mno.

Mliowahi kusafiri kwa basi kupitia Chalinze mnawajua wauza korosho. Basi likiwa kwenye mwendo na muuzaji amesimama, korosho hazifiki dirishani, hata kama bei mmekubaliana. Lazima muuzaji akimbie sambamba na basi, au dereva apunguze. Kwenye fuwele nene ya MoS2, elektroni iliyo juu hukaa mahali penye momenta moja, na shimo lililo chini hukaa mahali penye momenta nyingine. Bei ipo, mwendo haulingani. Inabidi mtetemo wa fuwele uingilie kati kurekebisha mwendo, na hilo hutokea mara chache, taratibu. Wakati mnasubiri, joto limeshachukua kila kitu.

Ukilibandua tabaka likabaki peke yake, mahali pa kukaa panahama. Zile hali za elektroni zilizokuwa zikichomoza juu na chini ya tabaka zilikuwa zinagusana na tabaka jirani, na mgusano huo ndio uliokuwa unalipunguza pengo mpaka elektroni-volti, kipimo chetu cha nishati, 1.29. Jirani akiondoka, hali hizo zinasukumwa mbali. Lakini hali zilizojificha kwenye safu ya molibdenamu katikati hazikuwa zikimjali jirani tangu mwanzo, kwa hiyo hazisogei. Ghafla hizo ndizo zinakuwa za karibu zaidi, juu na chini, na zote mbili zina momenta moja. Elektroni na shimo sasa wanakwenda sambamba, na fotoni inatoka ikiwa na elektroni-volti 1.85 hivi. Ongeza tabaka la pili tu, mambo yanarudi kama zamani. Hata leo, mtu akitaka kuhakikisha kwamba amepata tabaka moja na si mawili, anapima mng'ao.

Ndugu zake wako hivyo hivyo. Ukiweka tangsteni mahali pa molibdenamu, mng'ao unasogea kuelekea rangi ya machungwa, nanomita 620 hivi. Ukiweka seleni mahali pa salfa, unasogea mpaka ukingoni mwa wekundu na kupita, 750 hadi 800. Tangsteni hiyo, kwa taarifa tu, haichimbwi mbali: Nyakabingo nchini Rwanda ni mgodi wa wolframaiti, madini yenye tangsteni, na madini hayo hayo hutolewa ng'ambo ya mpaka, Kivu. Sisemi kwamba tabaka moja la atomu litawatajirisha wachimbaji. Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno kuweza kumfaidi yeyote kwa kilo.

Tuingie sasa kwenye kiini. Wanafunzi wa elektroniki mmefundishwa kwamba kurudiana kwa elektroni na mashimo kuna njia tatu, na mmeziandika kwa herufi A, B na C. Ukiwa na wingi n wa chembe, njia ya kwanza inakwenda kwa An: elektroni inanaswa na dosari kwenye fuwele, atomu iliyokosekana kwa mfano, na shimo likija hapo wanamalizana gizani. Hesabu yake ilitolewa na Shockley na Read, na Hall peke yake, mwaka 1952. Njia ya pili ni Bn²: elektroni huru inakutana na shimo huru, mwanga unatoka. Ya tatu ni Cn³: wakati wawili wanarudiana, wa tatu aliye jirani anachukua nishati yote na kukimbia nayo. Hii inaitwa kwa jina la Mfaransa Pierre Auger, ingawa Lise Meitner aliieleza kwenye atomu mwaka 1922, mwaka mmoja kabla yake. Sayansi nayo ina dhuluma zake.

Fomula hiyo imejenga kila LED inayowaka humu ndani. Hizi za kwenye dari ni za galiamu nitraidi. Waliotengeneza ile ya samawati, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Nobel mwaka 2014. Na fomula inafundisha kitu kimoja kwa sauti kubwa: safisha fuwele. Punguza dosari, A itapungua, mwanga utaongezeka. Kila mtu aliyelelewa kwenye silikoni au galiamu aliingia kwenye matabaka haya na imani hiyo kifuani.

Na kwa macho, imani ilionekana ya kweli. Matabaka haya yana dosari nyingi sana. Atomu za salfa zinakosekana huku na huku. Na mavuno, pamoja na hiyo mara 10,000, bado yalikuwa duni: chini ya asilimia 1. Msishangae, fuwele nene ilikuwa na mavuno karibu na sifuri, na elfu kumi mara karibu na sifuri bado ni kidogo. Kati ya fotoni 100 zilizofyonzwa, 99 na ushee zilikuwa zinapotea. Nani mwingine wa kulaumiwa kama si dosari?

Lakini kuna jambo ambalo fomula ya A, B na C haikulijua. Kwenye tabaka moja, elektroni na shimo hawatembei kila mmoja na njia yake. Wanashikana, wanazungukana, wanakuwa chembe moja isiyo na chaji, tunayoiita eksitoni. Eksitoni zipo pia kwenye galiamu asenaidi, lakini huko kamba inayowafunga ina elektroni-volti 0.004 tu, na joto la chumba hiki lina 0.025, kwa hiyo wanakatwa papo hapo. Mwaka 2014 vipimo vya Columbia kwenye disalfaidi ya tangsteni vilitoa 0.32. Hiyo ni zaidi ya mara kumi ya joto la chumba. Sababu iko kwenye wembamba wenyewe: kwenye fuwele nene, mvuto wa umeme kati ya elektroni na shimo unapita ndani ya mada inayouzima, kwenye tabaka moja sehemu kubwa ya mvuto inapita nje, hewani, ambako hakuna wa kuuzima.

Tazameni kinachotokea kwenye fomula. Eksitoni moja tayari ina wote wawili ndani yake, haihitaji kukutana na mtu. Kwa hiyo mwanga haukui tena kwa n², unakua kwa n. Na ile njia ya tatu inashuka daraja pia: eksitoni mbili zinagongana, moja inakufa na kuipa nyingine nishati, na hiyo inakwenda kwa n². Hesabu ya A nayo ilitungwa kwa elektroni inayotembea peke yake na kunaswa peke yake. Je, inaihusu jozi iliyofungana kiasi hicho? Hilo halikuulizwa kwa uzito mapema.

Kilichokuja mwaka 2015 kilikuwa kama kuthibitisha imani ya zamani. Kundi la Ali Javey, Berkeley, lilichukua tabaka la MoS2 na kulitia kwenye asidi ya kikaboni iliyo kali sana, iitwayo kwa kifupi TFSI. Mavuno yakapanda kutoka chini ya asilimia 1 hadi zaidi ya asilimia 95. Kutoka pale elektroni inapopandishwa hadi inaporudi, muda ukawa nanosekunde 10.8. Watu walisimama wima. Tafsiri iliyoenea ilikuwa rahisi: asidi imeziba dosari. Kila maabara ikaanza kutafuta dawa yake ya kuziba.

Mimi nakiri nilikuwa naipenda hiyo tafsiri. Inafundishika vizuri darasani. Ila ilikuwa na kasoro moja iliyokaa mahali pa wazi. Mwaka uliofuata kundi hilo hilo lilijaribu asidi kwenye ndugu wengine. Disalfaidi ya tangsteni ikaitikia. Zile zenye seleni hazikuitikia. Kama asidi ni fundi wa kuziba mapengo, mbona inachagua?

Jibu lilikuja mwaka 2019, kutoka kwenye maabara hiyo hiyo, kwa kazi iliyoongozwa na Der-Hsien Lien na Shiekh Zia Uddin. Safari hii hawakutumia asidi kabisa. Walichukua MoS2 kama ilivyobanduliwa, dosari zake zote zikiwa mahali pake, wakaiweka juu ya kihami chenye elektrodi chini yake. Mwalimu wa Kidato cha Tano atakiita kapasita, na ni kapasita kweli. Ukiweka volti hasi kwenye elektrodi, unazifukuza elektroni za ziada kutoka kwenye tabaka. Maana MoS2 kwa asili ina elektroni za ziada, kutokana na dosari na uchafu wake. Walipunguza elektroni hizo kidogo kidogo, huku wakipima mwanga. Tabaka lilipofika mahali ambapo halina elektroni za ziada wala mashimo ya ziada, mavuno yakakaribia asilimia 100, mradi leza iwe hafifu.

Hakuna dosari hata moja iliyozibwa. Zote zilikuwepo.

Kwa hiyo nani aliyekuwa anaua mwanga? Elektroni ya ziada. Eksitoni ikikutana nayo, inaishika na kuwa chembe ya watu watatu, trioni, ambayo ilikwisha kuonekana waziwazi mwaka 2013. Kwenye trioni, elektroni na shimo wanaporudiana, yule wa tatu yuko pale pale kifuani mwao kupokea nishati. Hana haja ya kutafutwa. Trioni kwa sehemu kubwa hufa gizani. Lakini eksitoni isiyo na chaji hupita jirani na dosari bila kunaswa, na mwisho wake ni mwanga. Na asidi? Asidi hiyo inapenda sana elektroni. Ilikuwa inazinyonya, kazi ile ile ya volti hasi. Iliyoponya haikuwa kuziba, ilikuwa kupunguza.

Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na wenzangu wanaosema sasa dosari hazina maana. Zina maana. Elektroni za ziada zimetoka wapi kama si huko? Na ukitaka mstari wa mng'ao uwe mwembamba, kila eksitoni itoe rangi ile ile, huna budi kulifunika tabaka kwa fuwele safi za boroni nitraidi. Nyingi za fuwele hizo duniani zimetoka kwa watu wawili wa Tsukuba, Japani, Takashi Taniguchi na Kenji Watanabe, ambao majina yao yako kwenye mamia ya makala za watu wengine kwa sababu tu waligawa fuwele. Ninachosema ni kwamba kosa la mauaji ya mwanga lilibandikwa kwa asiye mwuaji, na tukapoteza muda kumtibu.

Sharti la leza hafifu nalo si dogo. Ukiongeza mwanga, eksitoni zinakuwa nyingi, zinaanza kugongana, na ule uuaji wa n² unaingia. Taa isiyoweza kuongezwa mwanga si taa. Kundi la Berkeley lilirudi na jibu mwaka 2021: walilivuta tabaka, kwa kulibandika kwenye plastiki na kuipinda, chini ya asilimia 1 tu. Ilikuwa imetokea kwamba nishati ya eksitoni mbili zikigongana inaangukia mahali penye viti vingi vitupu vya elektroni, kwa hiyo mgongano ulikuwa unapokelewa kwa mikono miwili. Ukilivuta tabaka, nishati na viti vinapishana, na mgongano unakosa pa kupelekea nishati. Mavuno yakabaki juu hata kwa leza kali.

Zile zenye tangsteni zina kituko kingine. Huku kwetu tumezoea kwamba semikondakta ukiipoza inang'aa zaidi. Tabaka la diselenaidi ya tangsteni hufanya kinyume: ukilipoza, linafifia. Hali ya chini kabisa ya eksitoni yake ina mpangilio wa spini (usumaku mdogo wa ndani wa elektroni na shimo) usioruhusu mwanga kutoka, na ile inayoruhusu iko juu kidogo, elektroni-volti 0.04 hivi. Joto la chumba linatosha kuwapandisha baadhi. Baridi inawaacha wote chini, gizani. Mwaka 2015 jambo hili lilionyeshwa kwa vipimo, na wa molibdenamu diselenaidi wakaonekana kufuata desturi.

Taa zenyewe sitazikalia sana. Zipo tangu 2014, vipande vya mikromita kadhaa vinavyowaka kwa umeme. Ugumu uko kwenye kuziingiza elektroni upande mmoja na mashimo upande mwingine bila kuacha wa ziada, na sasa mnajua kwa nini wa ziada ni tatizo. Mwaka 2018 Berkeley waliikwepa shida hiyo kwa kutumia elektrodi moja na volti zinazogeukageuka: zamu ya elektroni, zamu ya mashimo, na mwanga unatoka kila zamu inapobadilika. Walipata kifaa cha milimita kadhaa, kinachopitisha mwanga kama kioo cha dirisha kikiwa kimezimwa. Mwenye kuuliza lini vitafika Kariakoo, jibu ni kwamba taa ya nyumbani haivihitaji; galiamu nitraidi inatosha. Matarajio yako kwenye vioo vya kuonyesha picha, na kwenye chipu zinazowasiliana kwa mwanga.

Kwa upande wa sola, nawaomba mbebe namba moja. Mwaka 2012 Owen Miller, Eli Yablonovitch na Sarah Kurtz walieleza kwa hesabu, wakianzia kwenye hesabu ya Shockley na Queisser ya 1961 kuhusu kikomo cha seli za sola, kwamba seli nzuri ya sola lazima iwe pia taa nzuri. Mavuno ya mwanga yakishuka mara kumi, seli inapoteza volti 0.06. Yakiwa asilimia 1, umepoteza 0.12. Kwa seli ambayo volti zake zote hazifiki 1, hiyo si hela ya chenji. Elektroni inayorudi gizani ni ile ile iwe kwenye taa au juu ya paa.

Namalizia na walimu. Najua hapa hatuna leza hizo wala vyumba safi vya kutosha. Lakini sehemu kubwa ya niliyoyasema inaweza kuhesabiwa kwa kompyuta ya mkononi. Kipande cha msingi kinachojirudia katika tabaka moja la MoS2 kina atomu tatu tu. Programu ya Quantum ESPRESSO, iliyokulia Italia, ni ya bure. Shule ya Kiafrika ya mbinu za kuhesabu miundo ya elektroni, ASESMA, ilifanyika Eldoret mwaka 2012, na Kigali kuna taasisi ya EAIFR, chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda na ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia cha Trieste, Italia, inayofundisha haya hadi shahada za juu. Hatuanzii sifuri.

Mwanafunzi ahesabu tabaka moja, aone pengo likiwa na momenta moja juu na chini. Aongeze la pili, aone likihama. Kisha alivute moja kwa asilimia 1 aone nini kinasogea. Halafu nina onyo moja. Kwa mbinu ya kawaida atapata pengo la elektroni-volti 1.7 hivi, ataona liko karibu na 1.85 ya mng'ao, atafurahi na kuandika kwamba nadharia imekubaliana na maabara. Haijakubaliana. Mbinu hiyo hudunisha pengo la kweli, ambalo linapita 2, na mng'ao nao uko chini ya pengo la kweli kwa sababu ya ile kamba inayowafunga elektroni na shimo. Makosa mawili yameelekea pande tofauti, yakafichana. Mwalimu akiona ripoti ya namna hiyo, amrudishie mwanafunzi na swali moja: eksitoni yako umeiweka wapi?

Faili za kuanzia nimeziacha kwenye kompyuta ya mbele, karibu na mlango. Mwenye flashi aje achukue wakati wa chai. Ahsanteni kwa kunisikiliza.